Kwenu Kitengo cha Kadi

Mimi ni yule wa mashine inayoishia na sita mbili,
duka la vipuri vya baiskeli, Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani,
mlango wa kijani, ubavuni mwa fundi cherehani asiyemaliza nguo.
Salamu nazifupisha. Makato mengine yameshafanyika.

Mlimtuma kijana, Elifuraha,
shati limenyooshwa mpaka linatisha,
akailaza mashine kaunta kama mtu anayelaza kichanga.
"Mama Singano, pesa ya sasa haina mikono."
Nikamwambia mimi ninayo miwili, ina grisi,
na grisi hiyo imesomesha watu wanne.
Akacheka. Nikasaini.
Kurasa kumi na tisa, herufi kama chawa.

Sikatai, ilinifaa.
Mwalimu wa Chumbageni alibeba tairi mbili
tarehe ishirini na mbili, mwezi ukiwa mkavu.
Wa hospitali naye akaja, na wa bandarini.
Asubuhi simu inatetemeka chini ya mto: umeingiziwa.
Elfu hamsini inatoka kwa mtu ikiwa hamsini,
inanifikia kama andazi ulilomtuma mtoto:
limefika, ndiyo,
limemegwa.
Nikazoea. Njia nayo ina njaa yake.

Halafu yule bwana wa tarehe nne.
Baiskeli nyeusi, inchi ishirini na nane,
kapu mbele, taa ya dinamo,
laki nne na elfu kumi.
Akaijaribu mpaka kona ya msikiti, akarudi anatabasamu.
Akachomeka kadi. Mashine haikumuuliza namba ya siri,
nami sikujua kuwa ilipaswa.
Ikalia, ikatema risiti, akaondoka anapiga kengele.

Wiki ya sita mnaniandikia: mwenye kadi amekana.
Amekana!
Huku kwetu neno hilo ni la mimba na la mahakamani.
Na pesa mmeshairudisha kwake kabla ya kuniuliza,
mkaniachia kistari kifupi mbele ya tarakimu,
kistari ambacho siku ya kwanza nilikifuta kwa kidole
nikidhani ni uchafu wa kioo.

Mnataka risiti.
Ninayo. Niliihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na leseni.
Nimelifungua: nyeupe.
Joto la Tanga limelamba wino wote,
karatasi imebaki kama ulimi wa mgonjwa.
Nyie mliotengeneza kumbukumbu isiyoivumilia Januari moja
mnaniuliza mimi kumbukumbu.

Basi sikilizeni.
Chini ya kaunta lipo daftari la marehemu mume wangu,
gamba gumu, kalamu ya bluu.
Mle mna wadeni waliokwisha kuzikwa;
nimewasamehe, sijawafuta.
Ukurasa wa tisini na mbili, tarehe nne:
namba ya fremu, rangi, kengele niliyomwongeza bure,
na sahihi ya yule bwana, ina mkia mrefu,
maana kwangu hatoki mtu na mali bila kuandika,
awe amelipa kwa kadi, kwa simu, au kwa uso wake.
Elifuraha alipoliona alisema, "Hili sasa litapumzika."
Halijapumzika.
Nakala naambatisha, nimeitoa kwa Shekivuli,
shilingi mia mbili, nanyi mkitaka ikateni.

Mmesema uchunguzi ni siku arobaini na tano.
Arobaini tunaijua, tumeshaihesabia mtu humu ndani.
Hizo tano za juu ndizo sizielewi.

Mashine ipo palepale. Naifuta vumbi.
Jana amekuja mtu wa pampu na mnyororo, akatoa kadi;
kwanza nikamtazama viatu, aibu ikanipata, nikaipokea.

Jambo la mwisho.
Jioni, nimeshashusha komeo la kwanza,
nikasikia kengele barabarani, kiri-kiri, kiri.
Naijua. Niliichagua mwenyewe ndani ya boksi la ishirini,
ndiyo pekee iliyokuwa na kigugumizi.
Nikatoka mbio, spana mkononi.
Ilishakata kona kuelekea Kumi na Mbili.

Mtaniuliza ushahidi.
Andikeni: kengele.